Moto Kwanza, Lehemu Baadaye

Redio ya koplo mmoja wa polisi ilikuwa imenyamaza kwa juma zima. Ilikuwa redio ndogo ya betri, nayo ndiyo iliyompa mkewe habari za mpakani kila jioni bwana alipokuwa zamuni huko. Koplo aliporudi likizo aliifungua, akaona waya mmoja umeng'oka kwenye kibati cha betri. Akaazima chuma cha kulehemu cha umeme, akachovya ncha yake katika lehemu kama mtu achovyaye kalamu katika wino, kisha akalidondosha tone lile juu ya waya. Redio ikasema. Siku aliyopanda lori kurudi mpakani, ikanyamaza tena.

Mkewe aliipeleka kwa sajini mstaafu ambaye zamani alikuwa fundi wa simu za upepo jeshini. Mzee aliuvuta waya kwa vidole viwili tu, ukachomoka bila nguvu. Tone la lehemu likabaki zima, la kijivu na lenye chembechembe.

"Mama, lehemu hii iliukalia waya, haikushikana nao," akasema. "Keti uifunge mwenyewe."

Alimwagiza kwanza azitoe betri zote, kwa maana hakuna kifaa kinacholehemiwa huku umeme ukipita ndani yake. Kisha akamwonyesha kukwangua waya na kibati kwa wembe hadi vikang'aa, kwani lehemu haishiki penye kutu, mafuta wala masizi. Chuma chake kilikuwa cha wati 40. Kazi ya redio huhitaji wati 25 hadi 40. Chuma kikubwa cha kuzibia ndoo huunguza vipande vidogo vya ndani. Kilipopata moto, mama aliipangusa ncha kwa kitambaa kibichi, akaipaka lehemu kidogo ili moto upite vyema.

Hapo ndipo alipoiona siri ya kazi. Lehemu ya kawaida ya redio, yenye bati sehemu 60 na risasi sehemu 40, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Sentigredi, na ncha ya chuma hufikia kiasi cha nyuzi 350. Tone likidondoka juu ya waya wa baridi huganda kabla ya kushikana nao. Kwa hiyo hupashwa moto kiungo, wala si lehemu. Mama aliigusisha ncha kwenye waya na kibati kwa pamoja, akahesabu hadi mbili au tatu, ndipo akaisogeza lehemu kwenye kiungo chenyewe. Ikayeyuka na kutambaa kama samli katika kikaango. Aliondoa lehemu kwanza, kisha chuma; akatulia bila kuutikisa waya na bila kupuliza, mpaka kiungo kikaganda, laini na chenye kung'aa.

Mzee hakumwachia aende kabla ya kumpa maonyo ya nyumbani. Chuma cha moto hakilazwi mezani wala kitandani, bali huwekwa kwenye kiegemeo chake, na waya wake usining'inie watoto wanapoufikia. Moshi utokao ni wa dawa iliyomo ndani ya lehemu, nao huwasha kifua. Basi dirisha lifunguliwe. Risasi hubaki vidoleni, nayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Na ile dawa kali ya tindikali watumiayo wazibaji wa mabati isitiwe kamwe katika redio, maana huzila nyaya polepole baada ya kazi kwisha.

Mama aliuvuta waya kama alivyouvuta mzee, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu. Haukutoka.

Jioni ile redio ilisema tena. Koplo aliporudi likizo nyingine alikifungua kifuniko, akakitazama kiungo kwa muda mrefu, akauliza ni fundi gani aliyekifunga. Mkewe akamwambia aketi, naye amfundishe.