Mchagua Nazi wa Othaya

Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Nyeri hakuna minazi. Kule mlimani mtu huchagua majani ya chai, mawili na chipukizi, na akichanganya yaliyokomaa, karani wa kituo cha kununulia chai humrudishia. Hata hivyo, methali hiyo ya watu wa pwani ilimwandama kijana mmoja wa Othaya, mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi katika chuo kikuu kimoja mjini Nyeri, tangu Oktoba 2024 alipoanza kutafuta vipuri vya tarakilishi ya mezani ya kuchezea michezo. (Tarakilishi, au ngamizi kama walivyopendelea wengine, vijana wenyewe husema mashine, na mjadala huishia hapo.)

Mwezi huo haukuja kwa sadfa. Oktoba ndio mwezi ambao wakulima wa chai walio chini ya KTDA aghalabu hupokea bonasi, na mamake alikuwa amemwahidi shilingi 40,000. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka akiba ya 25,000, ujira wa kuwapigia chapa wenzake tasnifu zao usiku. Jumla ilikuwa 65,000. Si pesa za kitoto, lakini pia si za kumwezesha mtu kuingia katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi na kuagiza kila kitu kikiwa kipya ndani ya kasha lake.

Aliandika orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili, iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri zaidi, ilikuwa ya mama, na ndani yake kadi ya michoro ilielezwa kuwa ni "ya masomo ya uchoraji".

Msomaji asiyeijua biashara hii na avumilie kidogo. Mashine nyingi zinazouzwa katika miji ya mlimani, kuanzia Karatina hadi Nanyuki, zilitumika kwanza katika ofisi za Ulaya, nyingi zikiwa za HP au Dell. Ni imara na bei yake ni nafuu, ila ziliundwa kwa ajili ya kuandika barua. Kasha likiwa jembamba, kadi ya michoro ya kawaida haiingii. Nacho kipashio cha umeme, au pawasaplai kama wasemavyo mafundi, mara nyingi huwa na nguvu kidogo na viunganishi vya kampuni yenyewe, hivi kwamba huwezi kukibadilisha kwa chochote ukipatacho dukani. Kijana alilijua hilo, ndiyo maana akatafuta lenye kasha pana. Alijua pia kwamba Microsoft ilikuwa imetangaza kukomesha huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba karibu vichakataji vyote vya Intel vilivyo chini ya kizazi cha nane havimo katika orodha ya vinavyokubaliwa na Windows 11. Mashine za kizazi cha sita zilikuwa rahisi kwa maelfu kadhaa, akazipita. Akaichagua yenye kichakataji i5-8500, chenye viini sita, kwa shilingi 24,000.

Shida ilikuwa kadi. Rafiki zake walimshauri achukue RX 580 iliyotumika, iliyokuwa ikiuzwa 11,000. Fundi mmoja mjini Nyeri, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitikisa kichwa.

"Kijana wangu, hiyo huenda ilichimba sarafu usiku na mchana," akasema. "Tangu Ethereum iache kuchimbwa Septemba 2022, hawa waliokuwa wakichimba wametuletea mizoga. Mingine ni mizima, sikatai. Lakini inakula wati 185. Wewe utazitoa wapi?"

Basi macho yake yakahamia GTX 1660 Super, wati 125, shilingi 19,000. Hii ndiyo aliyoiota. Kuitumia kulidai kipashio kingine cha umeme pamoja na waya wa kugeuzia viunganishi, shilingi 8,000 zaidi. Katika orodha yake ya siri, alizipata kwa kufuta kiwambo kipya na kupanga kuazima cha jirani.

Jumamosi alipanda matatu hadi Othaya akiwa na ile orodha nzuri. Mama aliisoma jikoni, kidole kikifuata mstari kwa mstari, jinsi anavyosoma risiti ya kilo zake.

"Na hii ya 27,000?"

"Ni kadi ya michoro, Mama. Ya masomo."

"Na stima ikipotea?"

Hakuwa na jibu. Mwaka 2023 pekee, Kenya ilikuwa imeingia gizani karibu nzima mara tatu: Agosti, Novemba na Desemba. Na hapo hatujasema neno kuhusu umeme wa vijijini, ambao hukatika mti ukiegemea waya. Katika orodha zote mbili hapakuwa na kile kisanduku cha kuhifadhi umeme ambacho mafundi hukiita yupiesi.

Kimya kilipozidi, kijana akaungama. Kadi ilikuwa ya michezo. Ya mpira, hasa, na ya magari.

"Nilijua," mama akasema bila kuinua macho. "Wewe hata kuku hujawahi kuchora."

Hakukasirika, na pengine ndilo lililomchoma kijana zaidi. Alichofanya ni kuchukua kalamu na kupiga mstari katikati ya karatasi. Zile 40,000 za chai zingenunua vitu vya masomo, na ajionee kila kimoja kwenye risiti. Mchezo ulipiwe na 25,000 za mwenye mchezo.

Hesabu iligeuka. Ile 1660 Super na vikorokoro vyake ilimzidi kwa elfu mbili, hata kabla ya kiwambo. Alirudi kwa fundi, wakapiga hesabu upya. Upande wa mama: mashine 24,000, kijiti cha pili cha kumbukumbu, kwa kuwa viwili vinavyofanya kazi sambamba hushinda kimoja, 3,500, diski isiyozunguka ya gigabaiti 512, 4,500, yupiesi 7,500. Jumla 39,500. Upande wake: GTX 1650 ya wati 75, ambazo tundu la kadi kwenye ubao mama huweza kuzitoa lenyewe bila waya wa ziada, 17,000, na kiwambo cha ofisini kilichotumika, 7,000. Wenzake walimcheka kwa kadi hiyo ndogo. Walisahau kwamba kiwambo cha aina hiyo huonyesha picha 60 tu kwa sekunde, na kila picha inayozidi hapo hutengenezwa na kadi bila jicho kufaidi.

Vitu vilipakiwa Nairobi kwenye matatu, vikafika Nyeri alasiri. Fundi alikataa malipo yake hadi mashine iwake na kuchezwa nusu saa, feni zikisikilizwa kama mgonjwa. Ikawaka. Baridi ya Nyeri nayo ilisaidia: hakuna feni ya ziada iliyohitajika.

Desemba kijana aliibeba mashine hadi nyumbani, ikiwa imefungwa ndani ya blanketi. Jioni ya pili, akiongoza kwa bao moja, stima ilipotea. Nyumba ikawa giza isipokuwa kiwambo, na chini ya meza kisanduku kikaanza kulia.

"Kinacholia huko ni nini?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Ni kile ulichokiuliza, Mama."

Alihifadhi mchezo, akazima mashine taratibu, kisha akatoka kwenda kumshikia kurunzi.