Bobi atakuja na Liemba

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, mtanisamehe. UE zilinishika pabaya, na zilipoisha tu nikakimbilia nyumbani Rukwa. Sasa nimerudi Mlimani, boom halijaingia, kwa hiyo nina muda mwingi wa kuandika kuliko wa kula. Teh teh!

Jana jamaa yangu mmoja kahama hosteli za Magufuli, kaenda kupanga geto Sinza. Kazi nzima ilichukua kama saa moja. Begi, ndoo, pasi, godoro likafungwa juu ya bajaji, kwisha habari. Akaniambia, "Mwanangu, kuhama ni kitu kidogo sana, watu wanakuza tu." Nikacheka, nikanyamaza. Moyoni nikasema huyu hajawahi kuhama na watoto na mbwa.

Mimi nimehama hivyo mara mbili, tena njia ni ile ile. Mara ya kwanza tuliharibu.

Ilikuwa mwaka 2013. Tulikuwa tunaishi Kirando, wilaya ya Nkasi, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kwa ambao hamjafika, pale ni migebuka, dagaa wakianikwa mchangani, joto, na watoto kushinda majini. Baba alikuwa mwalimu, akapata uhamisho kwenda Sumbawanga mjini. Mimi nilikuwa darasa la nne, dogo ana miaka 5. Na tulikuwa na mbwa wetu, Bobi, ambaye kwa kweli alikuwa wa dogo. Walikuwa wanakula pamoja, na sisemi kwa mfano, nasema sahani moja mama akigeuka.

Serikali ina utaratibu wa kumlipia mtumishi anayehamishwa nauli ya familia na mizigo, ila mbwa hana pa kuandikwa. Sisi watoto tuliambiwa jioni ya kuamkia safari, maana wazee waliona tukijua mapema tutawasumbua. Alfajiri lori likaja. Vikapanda vitanda, kabati, magunia ya unga wa muhogo. Dereva alipomwona Bobi akasema mbwa hapandi kwenye gari lake. Baba hakubishana, jua lilikuwa linachomoza na mlima uko mbele. Bobi akafungwa kamba kwa jirani. Dogo akaanza kulia kilio kile cha kujitupa chini. Ndipo mmoja wa wakubwa, simtaji, akamwambia, "Nyamaza baba, Bobi atakuja na Liemba."

Liemba mnaijua, ile meli ya Wajerumani iliyojengwa kwao mwaka 1913, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, Waingereza wakaiopoa ikarudi kazini mwaka 1927. Enzi hizo bado ilikuwa inatembea kati ya Kigoma na Mpulungu kule Zambia. Kwa mtoto wa mwambao, chochote kizuri kilikuja na Liemba. Kwa hiyo dogo akafuta makamasi, akapanda gari.

Tatizo ni moja tu wadau. Sumbawanga haina ziwa.

Mji uko juu ya uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, wakati ziwa liko kama mita 770. Bandari iliyo karibu ni Kasanga, zaidi ya kilomita 100. Dogo hakujua hayo. Kila jioni alikuwa anauliza bandari iko wapi. Na ile baridi ya kwetu mnaisikia tu! Masweta na mablanketi yalipakiwa kwanza, kwa hiyo yalikuwa chini ya kila kitu, usiku wa kwanza tulijifunika kanga za mama. Dogo akaanza tena kukojoa kitandani, jambo alilokuwa ameshaacha. Watu wazima wakasema ni baridi.

Baadaye jirani alipiga simu. Bobi alitafuna kamba, akarudi kulala mlangoni kwenye nyumba yetu iliyobaki tupu. Alifanya hivyo siku nyingi. Halafu hakuonekana tena. Dogo hakuambiwa, akaendelea kuuliza habari za meli. Kisha siku moja akaacha kuuliza. Mama alilia siku hiyo, siyo zile nyingine.

Sasa mwaka huu mzee kastaafu. Alishajenga Kirando, anasema uzee wake ataumalizia karibu na maji. Nyumbani siku hizi kuna watoto wawili wa dada, mmoja ana miaka 7 na mwingine 4, kuna paka, kuku sita, na mbwa anaitwa Tiga. Dogo naye kashakuwa dume la miaka 17. Tulipokaa kupanga safari alisema sentensi moja tu: "Mimi sipandi gari kama Tiga hapandi."

Mzee alimwangalia kwa muda. Mjue mzee wangu hajawahi kumwomba samahani mtu aliyemzaa. Akachukua simu, akampigia dereva, na kabla ya kuuliza bei akauliza, "Unabeba mbwa?" Yule akakataa. Akapiga kwa mwingine, naye akakataa. Wa tatu akasema poa, mradi kuwe na gunia la maranda chini. Dogo alitoka nje, akajifanya anaenda kuteka maji.

Kwa hiyo safari hii tulifanya tofauti. Naandika hapa kwa sababu wengi wetu tukimaliza tutapangiwa kazi mbali, na siku moja yatawakuta.

Kwanza, watoto tuliwaambia wiki tatu kabla. Yule mdogo aliuliza kama huko kuna maandazi, akiambiwa yapo akaridhika. Mkubwa alilia siku mbili. Tukampeleka akaage darasani na kwa majirani. Kila mmoja akapewa boksi la sabuni apakie anachotaka, na sheria ikawa hakuna mtu mzima kutoa kitu. Mmoja alijaza mawe. Tumebeba mawe kutoka Sumbawanga hadi Kirando, jamani!

Pili, karatasi zote mfuko mmoja, na mfuko huo mama hauachii: barua za uhamisho wa shule, kadi za kliniki, cheti cha Tiga. Tiga alichanjwa kichaa cha mbwa wiki kadhaa kabla, kwa sababu mbwa mgeni lazima atapigana na wenyeji. Kuku nao tulimwona afisa mifugo kuhusu kibali cha kuwasafirisha.

Tatu, vya usiku wa kwanza hupakiwa mwisho ili vishuke kwanza. Jiko, sufuria moja, unga, maji, mablanketi. Na kwa Kirando ongeza vyandarua, mbu wa ziwani hawangoji ufungue mizigo.

Nne, wanyama. Kuku tuliwakamata usiku wakiwa wamelala, wakaingia kwenye tenga bila kelele. Paka tulimweka kwenye kikapu chenye mfuniko, ndani tukaweka kanga ya mama ambayo haijafuliwa, apate harufu anayoijua. Tiga hakupewa chakula asubuhi, maji tu, na pale Namanyere tulisimama akajinyoosha.

Tano, watoto walikaa na bibi yao kwenye gari dogo, siyo juu ya mizigo. Tuliwavalisha nguo moja juu ya nyingine, maana unaanza safari unatetemeka na kadiri unavyoshuka unavua. Kwenye kona za mteremko mdogo akatapika. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu mwaka 2019, kwa hiyo tulikuwa na kopo la rangi. Liliokoa maisha.

Msifikiri yote yalikwenda sawa. Kuku mmoja alikufa kwa joto, tulimsahau upande wa jua. Paka alikaa uvunguni siku tatu, na tulimfungia chumba kimoja na kanga yake kama wiki mbili ndipo tukamwachia atoke. Mtoto mkubwa usiku wa kwanza alisema anataka kurudi kwao. Hakuna aliyemwambia uongo. Mama alimwambia, "Haturudi, mjukuu wangu. Hapa ndipo tunapokaa sasa. Lia tu, mimi nipo." Akalia, akalala.

Tiga alikuwa hajawahi kuona maji mengi kiasi kile. Aliyabwekea mawimbi mpaka watoto wa jirani wakaja kumcheka, na hapo hapo wajukuu wakapata marafiki.

Jioni hiyo dogo hakuonekana. Nikamfuata, nikamkuta amesimama barabarani mbele ya nyumba yetu ya zamani. Sasa wanakaa watu wengine, wamepaka rangi ya bluu. Kabla sijamfikia nikaona mzee naye yuko pale, ametangulia. Walikuwa hawasemi. Halafu mzee akaonyesha kizingiti kwa fimbo yake, akasema, "Alikuwa analala pale. Jirani alinipigia. Nilipaswa kukwambia."

Dogo akaitikia kwa kichwa. Mzee akakohoa, akasema twendeni, ugali utapoa.

Basi bwana, ndiyo hayo. Yule jamaa wa Sinza nimemwambia nikimaliza kuandika nitamtumia asome. Ngoja sasa nikatafute wa kunikopesha chakula cha usiku. Tuko pamoja, alamsiki!