Maji ya Kunywa Yametupatia Kazi

Mimi ni mama wa watoto watatu. Naishi katika kijiji kimoja karibu na Tengeru, mkoani Arusha. Kusoma na kuandika nimejifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima. Leo nataka kuwaeleza habari za kikundi chetu cha kuuza maji.

Mwanangu wa kwanza ana meno ya rangi ya kahawia. Anapiga mswaki kila siku, lakini rangi haitoki. Akicheka huziba mdomo kwa mkono. Huku kwetu wako wengi kama yeye. Wengine miguu yao imepinda tangu utotoni. Zamani tulidhani ni mambo ya ukoo.

Kumbe sababu ni maji. Meru ni mlima wa volkano. Mawe na majivu yake yana madini yaitwayo floraidi. Maji hupita katika mawe hayo na kuyachukua madini. Floraidi ikiwa kidogo haina madhara. Ikizidi huharibu meno ya mtoto yangali yanaumbika ndani ya ufizi. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huharibu na mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Baadhi ya mito na visima vya huku huzidi kiasi hicho. Mto Maji ya Chai ni mmoja wao. Hata magadi ya kupikia yana floraidi.

Mimi nilikuwa nachemsha maji, nikaona nimemaliza kazi. Kuchemsha ni kuzuri, maana huua vijidudu. Lakini floraidi haiondoki kwa moto.

Elimu ya chuoni

Hapa Tengeru kipo chuo kikuu kiitwacho Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Dkt. Askwar Hilonga alikuwa akifundisha hapo alipobuni chujio la maji. Yeye ni mzaliwa wa kijiji cha Gongali, wilaya ya Karatu. Chujio lake hutumia mchanga pamoja na chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo hunasa uchafu na madini. Mwaka 2015 alipata tuzo ya uhandisi kwa Afrika kutoka Uingereza. Zawadi yake ilikuwa pauni 25,000. Alianzisha pia kampuni na kuipa jina la kijiji chake, Gongali. Watu wa kawaida wakaanza kutumia machujio hayo kuuza maji na kupata riziki.

Fikirini, ndugu zangu. Kama chujio lile lingebaki chuoni, lingemsaidia nani? Mtaalamu alihitaji mfanyabiashara wa kuyafikisha maji kwa watu. Mfanyabiashara naye alihitaji mtaji. Ndipo halmashauri inapoingia.

Tulivyoanguka

Mwaka 2018 sheria iliagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi. Yaani katika kila shilingi 100, shilingi 10. Kati ya hizo, 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba.

Sisi tulikuwa wanawake 10. Tuliomba mkopo, tukapata. Tukafanya nini? Tukagawana. Mmoja alinunua kuku. Mwingine alilipa ada ya mtoto. Mimi nilinunua mabati. Hatukuanzisha kazi yoyote ya pamoja. Siku ya kulipa ilipofika, niliuza mbuzi wangu wawili sokoni Tengeru. Nilirudi nyumbani nikiwa na kamba tupu mkononi.

Mwaka 2023 serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima ili kurekebisha utaratibu. Wengi walikata tamaa. Sisi tulitumia muda huo kujifunza. Hapa Tengeru ipo Taasisi ya Maendeleo ya Jamii. Arusha mjini wapo SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Tuliuliza maswali. Tulijifunza kuandika mapato na matumizi. Kila wiki tuliweka akiba kidogo. Mikopo iliporudi, tulikwenda tukiwa na akiba na daftari. Mara hii hatukugawana. Tulinunua tangi na chujio, tukakata leseni, tukaanza kuuza maji.

Siku tuliyobishana

Miezi ya kwanza biashara ilikwenda vizuri. Kisha wakaja vijana wawili wanaosoma chuoni. Waliomba kupima maji yetu. Walipoleta majibu, tulinyamaza kimya. Floraidi ilikuwa imepanda tena.

Kosa lilikuwa letu. Vitu vya kunasa floraidi ndani ya chujio huchoka. Ni lazima vibadilishwe kwa wakati wake. Sisi tulichelewesha ili tuokoe fedha.

Tulifanya mkutano. Mwenzetu mmoja alisema, "Jamani, tunyamaze. Floraidi haina rangi wala ladha. Nani atajua?" Wengine waliitikia kwa kichwa. Tulikuwa na deni, na wateja walikuwa wengi. Hata mimi nilisita. Kisha nilimkumbuka mwanangu anavyoziba mdomo. Nikasema, "Mama zangu, watoto wa wateja wetu watajua. Watajua baada ya miaka sita, meno yakiota."

Tulifunga kituo siku tisa. Tuliwaeleza wateja ukweli. Baadhi walikasirika wakaenda kwingine. Tulibadilisha vifaa, maji yakapimwa upya, na majibu tukayabandika mlangoni. Wateja walirudi polepole. Siku hizi mteja mpya hasomi bei kwanza. Anasoma karatasi ya mlangoni.

Hesabu yetu

Sasa tunauza ndoo 40 kwa siku, kila ndoo shilingi 300. Hizo ni shilingi 12,000. Kwa siku 26 tunapata shilingi 312,000. Matumizi ya mwezi ni haya:

Vijana wawili wanaofanya kazi kituoni: shilingi 160,000.
Kulipa mkopo: shilingi 80,000.
Akiba ya kubadilisha vifaa vya chujio: shilingi 40,000.

Zinabaki shilingi 32,000. Si nyingi. Lakini vijana wawili wana kazi hapa hapa kijijini, na deni linapungua. Ile akiba ya chujio haiguswi, hata kukiwa na msiba.

Ndugu wasomaji, chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Kwetu figa moja ni chuo, chenye elimu na vipimo. La pili ni halmashauri, yenye mkopo na leseni. La tatu ni sisi wafanyabiashara, tunaowajua wateja. Chuo peke yake hakiuzi maji. Mkopo peke yake ulitufilisi. Biashara peke yake ilitaka kutufanya tuwadanganye majirani.

Nanyi huko mliko mnaweza kuanza. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Ulizeni chuo kilicho karibu kinafundisha nini. Msiogope kuingia getini. Chagueni kazi ambayo watu wanaihitaji kweli. Wekeni daftari, na kila mwanakikundi alisome. Fedha za mkopo msigawane.

Binti yangu mdogo ana miaka miwili. Meno yake ya ukubwani bado yamo ndani ya ufizi. Anakunywa maji ya kituo chetu, kama wanavyokunywa watoto wa wateja. Atakapofika darasa la kwanza atacheka, nasi tutaona.