Mkubwa ni jalala: Kisa cha Oswald na mdogo wake Mickey

Watoto wengi wanamfahamu Mickey Mouse, yule panya mwenye masikio ya duara na kaptula nyekundu. Wachache wanajua kwamba ana kaka. Kaka huyo ni sungura, anaitwa Oswald, na kwa miaka mingi hakuwa na nafasi katika nyumba iliyomzaa.

Oswald alibuniwa Marekani mwaka 1927 na Walt Disney pamoja na mchoraji mwenzake, Ub Iwerks. Filamu zake fupi zilipendwa, na mwanzoni mwa mwaka 1928 Walt alifunga safari hadi New York kuomba nyongeza ya malipo kwa Charles Mintz, aliyekuwa na mkataba wa kazi hiyo. Alichokikuta huko hakukitarajia. Mintz alitaka kumpunguzia fedha, na tayari alikuwa amewachukua wengi wa wachoraji wake. Kibaya zaidi, kwa mujibu wa mkataba, sungura mwenyewe alikuwa mali ya kampuni ya Universal. Walt akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka huohuo yeye na Iwerks wakambuni Mickey. Novemba 1928 filamu ya Steamboat Willie ikaonyeshwa, na tangu hapo panya akapata kila kitu: jina, fedha na mapenzi ya watu. Sungura akabaki kwa wengine, akafifia polepole hadi watoto wakasahau kwamba aliwahi kuwapo.

Ilichukua miaka 78 kumrejesha. Mwaka 2006 Disney ilimpata Oswald katika makubaliano na NBCUniversal, ambako mtangazaji maarufu wa michezo, Al Michaels, alihamia upande wa pili. Mtangazaji akaenda, sungura akarudi.

Miaka minne baadaye, mwaka 2010, likatoka gemu la Epic Mickey, lililoongozwa na mbunifu Warren Spector kwa ajili ya mashine ya Wii. Ni gemu la kukimbia, kuruka na kupanda, na mwaka 2024 lilitengenezwa upya kwa mashine za kisasa kwa jina la Epic Mickey: Rebrushed. Waliolibuni wangeweza kumrudisha Oswald akitabasamu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hawakufanya hivyo. Walimrudisha akiwa na kinyongo, na hapo ndipo gemu hili linapowagusa wazazi.

Katika hadithi yake, Oswald ndiye mkazi wa kwanza wa Wasteland, nchi ya wahusika wa katuni waliosahauliwa. Makao yake yako juu ya mlima uliorundikana vitu vya zamani vyenye sura ya Mickey. Kila anapogeuka, anaona ushahidi wa namna mdogo wake alivyopendwa.

Waswahili husema mkubwa ni jalala. Msemo huu ni wa hekima kwa kiongozi au mzee, kwani humkumbusha kuvumilia yanayotupwa kwake. Tatizo huanza pale unapobebeshwa mtoto wa miaka minne. Mama anarudi kutoka hospitali na kichanga, wageni wanamiminika na zawadi za mtoto, na kifungua mimba anaambiwa kitu kimoja tu: wewe sasa ni mkubwa. Akilia, yeye ni mkubwa. Akinyang'anywa mwanasesere, amwachie mdogo, yeye ni mkubwa.

Mwili wa mtoto huyo mara nyingi husema kile ambacho mdomo hauwezi. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza upya. Aliyekuwa akila mwenyewe anataka kulishwa. Anaongea kitoto, anataka kubebwa mgongoni, au anamfinya mdogo wake watu wakigeuka. Wengi huita ukorofi, na fimbo huwa karibu. Lakini mabadiliko ya namna hii ni ya kawaida mdogo anapozaliwa, na kwa kawaida hupungua mtoto akihakikishiwa kwamba nafasi yake bado ipo.

Mickey katika gemu hili hana mikono safi. Ni yeye aliyechezea kazi ya mchawi aliyeiumba Wasteland, akamwaga rangi na tina na kusababisha maafa, kisha akakimbia. Anaporudi huko, silaha yake ni brashi ileile. Kwa rangi anaweza kurudisha kilichofutika na hata kumgeuza adui kuwa rafiki. Kwa tina anaweza kufuta. Mchezaji huchagua, na uchaguzi wake hubadilisha yatakayotokea mbele.

Jambo zito zaidi, hata hivyo, halihitaji brashi. Mickey analazimika kumwambia Oswald ukweli kwamba yeye ndiye chanzo cha maafa yale. Wala ukweli huo hauleti amani papo hapo. Oswald anawaka hasira, anarukaruka juu ya kizibo cha chupa iliyofungia dubwana la wino, kizibo kinapasuka na dubwana linatoka. Mambo yanakuwa mabaya kuliko mwanzo. Ni baada ya hapo ndugu hao wanapopigana bega kwa bega, na mwishowe wanapatana.

Wazazi wengi hukata tamaa katika hatua hiyo ya kizibo. Baba anamkalisha mwanawe mkubwa, anakiri kwamba tangu mdogo azaliwe hana muda naye, na badala ya kukumbatiwa anapokea kilio na mlango uliobamizwa. Anahitimisha kwamba bora angenyamaza. Kumbe mtoto anatoa yaliyokuwa yamefungiwa, na anahitaji kuona kwamba mzazi bado yupo pale yakishatoka. Dakika 15 za kila siku akiwa na baba au mama peke yake, bila simu na bila mdogo, zitamtuliza kuliko zawadi.

Gemu halilei mtoto, lakini linaweza kufungua mazungumzo. Mtoto akiwa anacheza, mzazi akae kando yake na kumuuliza kwa nini anadhani Oswald amekasirika. Asiharakishe kumsahihisha. Huenda jibu atakalolisikia lisiwe linamhusu sungura.