Malungu ya Mahameni

Lungu la kwanza kuingia maishani mwangu niliingia kwa kukimbia mvua. Ilikuwa mwaka 1976, nina miaka minane, na mbuzi wa baba walikuwa wametawanyika kwenye mahame. Hapo ndipo kilipokuwa kijiji chetu kabla ya Operesheni Vijiji. Tulikuwa tumehamishiwa barabarani, upande wa Chala, na nyumba zetu za zamani zilishabomoka. Palibaki ndulele, mafiga matatu matatu yaliyopasuka, na lungu lenyewe, ule mnara wa udongo wa kuyeyushia chuma, uliozidi urefu wa watu wazima wawili waliopandiana mabegani.

Niliingia kwa kutambaa, kupitia mlango wake mmoja wa chini. Kuta za ndani zilikuwa nyeusi, na sehemu moja udongo ulikuwa umeyeyuka ukateremka kama nta ya mshumaa, kisha ukagandia hapo hapo. Niliugusa. Ulikuwa laini kama kioo na baridi kali. Mvua ilipokatika nikatoka na masizi mpaka kwenye nyusi.

Bibi yangu aliniona kabla sijafika uani. Hakunipiga. Alininawisha mikono mara mbili, na baadaye, jikoni, akanieleza kwamba zamani, moto ulipowashwa, mwanamke hakusogea pale. Wanaume walipiga kambi porini, hawakulala na wake zao mpaka kazi iishe. Siku ya kuwasha, alisema, lungu ndilo lililokuwa bibi harusi wao. Nilimwuliza ni nani waliokuwa wakifanya hivyo. Akajibu, "Baba yangu mimi." Kisha akanyanyua jembe lililokuwa mlangoni, jembe dogo lililolika mpaka likafanana na ulimi wa ng'ombe, akaenda kwenye maharage yake.

Natamani ningeweza kusema kwamba siku ile nilijua nitakuwa mwanaakiolojia. Sikujua. Kilichonivuta kwenye kazi hii ni dhahabu. Nilipokuwa sekondari nilikuta gazeti kuukuu la wamisionari lenye picha ya kinyago cha Tutankhamun, na chini yake habari za Howard Carter, Mwingereza aliyekwenda Misri akiwa kijana wa miaka 17, akahangaika miaka na miaka mpaka Novemba 1922 alipoikuta ngazi ya kushukia kaburini. Vitu zaidi ya 5,000 vilitolewa humo, na kuviorodhesha na kuvisafirisha kulichukua miaka kumi hivi. Niliikata ile picha nikaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu. Nilijua Ufipa, kwetu, nako kulikuwa na wafalme. Kila mtoto wa kwetu amesimuliwa habari za Milansi, utawala wa kwanza, na za wale wanawake wageni waliofika mwenye nyumba akiwa mawindoni, mkewe akawapa kiti cha enzi ambacho mumewe alikuwa amemwonya asimpe mgeni yeyote. Kutoka kwa wageni hao ukatoka ukoo uliotawala Nkansi na Lyangalile. Milansi wenyewe wakabaki na kipande chao cha ardhi na heshima ya ibada. Roy Willis, Mwingereza aliyeishi Ufipa kati ya 1962 na 1964, aliyaandika hayo vizuri katika vitabu vyake. Mimi nikajiambia: kama wafalme walikuwepo, makaburi yao yapo.

Mwaka 1990 nilipanda lori kutoka Sumbawanga mpaka Tunduma, juu ya magunia ya mahindi, vumbi la siku nzima, kisha treni ya TAZARA mpaka Dar es Salaam. Somo la akiolojia lilikuwa changa pale Chuo Kikuu; lilianza mwaka 1985, na Mmarekani Peter Schmidt alikuwa miongoni mwa walioliasisi. Darasani tulisoma habari zake za Katuruka, Buhaya, alikochimba kwenye eneo la ikulu ya mfalme, Mukama Rugomora Mahe. Nilivutwa na jambo moja: hakubahatisha mahali pa kuchimba. Wazee walimwelekeza, wakamtajia mahali panapoitwa Kaiija na simulizi zake za uhunzi, naye alipochimba akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka elfu mbili. Tulisoma pia habari za Rwanda. Mwaka 1969 Francis Van Noten alilifukua kaburi la Mwami Cyirima Rujugira, mfalme wa karne ya 18, ambaye mwili wake ulikaushwa na kutunzwa, ukaja kuzikwa katika miaka ya mwanzo ya 1930. Kichwa cha mfalme kilikuwa kimelazwa juu ya nyundo mbili za chuma. Wenzangu walinakili wakaendelea. Mimi nilibaki nimeishika kalamu, kwa sababu niliona jembe la bibi.

Kaburi la kifalme la kwanza kuliona kwa macho lilikuwa Kilwa Kisiwani, tulipopelekwa mafunzo ya vitendo. Neville Chittick alikuwa amechimba kisiwani pale tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake cha juzuu mbili cha 1974 tulikuwa tukikisoma mpaka kurasa zikachomoka. Kwenye makaburi ya masultani nilikwenda na chepeo na brashi, nimejiandaa kwa kazi. Nikakuta vigae vya chetezo, majivu ya ubani ya siku mbili tatu, na chupa ya marashi iliyoisha. Mama mmoja wa pale, mwenye kanga iliyofifia, alisimama pembeni akitutazama. Hakutukataza. Alisema tu, "Mkimaliza, wanangu, fagieni." Tulifagia. Usiku ule kwenye mkeka nilijua sitalichimba kaburi ambalo bado lina mtu wa kulifagilia, lakini niliendelea kujidanganya kwamba ya Ufipa huenda yamesahaulika.

Mwaka 1994 nikarudi nyumbani kama mtafiti msaidizi, na kibali mkononi. Nilielekezwa kwa mzee mmoja mhunzi, aliyekuwa akifua visu na shoka kwa springi za malori. Nilichutama nikapiga makofi taratibu, kama tulivyofundishwa, nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeambiwa unatafuta wafu."

Nilimweleza ninachotafuta: makaburi ya kina mwene, wafalme wetu wa zamani. Akauliza yana nini ndani. Kwa kuwa sikujua, nikamsimulia ya Misri, ile dhahabu yote, jeneza ndani ya jeneza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akivukuta moto.

"Na chuma?"

"Jambia moja, babu. Na vitu vingine vidogo vidogo. Tena wanasema chuma chenyewe kilianguka kutoka angani." (Wataalamu walikuja kuthibitisha hilo kwa vipimo mwaka 2016: ni chuma cha kimondo.)

"Kumbe mfalme huyo hakuwa na lungu."

Akanyoosha mkono akaomba mwiko wangu, ule mwiko mdogo wa mwashi tunaochimbia. Akaugonga kwenye jiwe, akautega sikioni, akaugonga tena. Alisema ni chuma kizuri, lakini cha kiwandani, kinalia sauti moja tu. Akanirudishia. "Makaburi yapo. Sitakuonyesha. Kesho njoo na viatu."

Kesho yake tulitembea tangu asubuhi mpaka kiza, akiwa mbele yangu na fimbo, naye alikuwa amepita miaka 70. Alinionyesha malungu 11. Mengine yalibaki duara tu ardhini, mengine yalisimama na nyufa, na moja lilikuwa zima kabisa, mti umeota mdomoni mwake. Alinifundisha kuyasoma. Udongo ni wa kichuguu. Matundu ya chini ni ya kewa, ile mirija ya udongo inayoingiza hewa. Lungu halivukutwi, linavuta pumzi lenyewe kwa sababu ya urefu wake. Linajazwa mkaa na mawe ya chuma, linawashwa, linaachwa liwake siku kadhaa. Kinachotoka bado si chuma cha jembe, ni bonge lenye uchafu. Hapo ndipo panapokuja kintengwe, tanuru fupi la mivukuto, ambalo husafisha lile bonge mpaka lifae kufuliwa. Moto mara mbili, ndipo nyundo.

Mengi ya hayo yalikuwa yameandikwa. Maofisa wa kikoloni, Greig mwaka 1937 na Wise mwaka 1958, walichapisha makala juu ya uyeyushaji huo, na Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa akaandika mwaka 1969. Bertram Mapunda, Mtanzania mwenzetu, alimaliza shahada yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995 kwa utafiti wa chuma cha kusini magharibi mwa nchi, na kazi yake juu ya Wafipa ikatoka kama kitabu Kampala mwaka 2010. Ni yeye aliyeonyesha kwamba malungu si teknolojia pekee ya Nkansi. Mwambao wa Ziwa Tanganyika una mabaki ya tanuru za namna nyingine kabisa, za katukutu. Kwangu mimi kitabu hicho kina thamani kuliko zile habari za Carter, nami nalisema hilo bila kumdharau Carter.

Tulichimba kwenye lungu moja lililokwisha kuanguka. Shimo la mita moja kwa mbili, chekeche la waya, vijana wawili na mimi. Siku ya nne, sentimita chache chini ya sakafu, mwiko ukazama kwenye udongo uliolegea. Nilibadilisha nikashika brashi. Kikatokea kishimo cha upana wa kiganja, mdomo wake umesuguliwa mviringo, ndani yake majivu ya rangi tofauti na mkaa wa vijiti vyembamba vilivyopangwa. Mikono ilinitetemeka. Nilimfuata mzee nyumbani kwake. Alipofika alivua kofia, akachungulia, akakaa chini kabisa ardhini.

"Hapo ndipo walipoweka dawa. Huwezi kuwasha bila hiyo."

Nikamwomba ruhusa. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema nichukue kidogo kama mtu anavyoonja chumvi, na kilichobaki nikifunike mimi mwenyewe, kwa mikono, bila koleo. Nilichukua vipande vitatu vya mkaa kwa ajili ya kipimo cha kaboni. Vingine vyote vipo pale pale hadi leo. Niliporudishia udongo nilimkumbuka bibi akininawisha, nikajua kwamba mikono ile ile ilikuwa imefika mahali ambapo yeye hakuruhusiwa hata kupasogelea. Hakuna kaburi ambalo lingenipa zaidi ya hapo.

Tangu mwaka ule nimehesabu malungu. Hiyo ndiyo imekuwa kazi yangu: likizo baada ya likizo, baiskeli, baadaye pikipiki, daftari, futi ya kamba. Na kuhesabu huko kumeniumiza. Mwaka 1994 lungu lile zima lenye mti mdomoni nililiandika namba 7. Mwaka 2003 nilikuta limetobolewa ubavuni kwa sururu na sakafu yake imefukuliwa mita nzima. Walikuwa wakitafuta mali ya Wajerumani. Watu wameaminishwa kwamba Wajerumani, walipokimbia vita ya 1914 hadi 1918, walificha rupia na dhahabu chini ya kila kitu kirefu. Namba 3 limelimwa, mahindi yamepita juu yake. Namba 9 lilikuwa na lundo la mavi ya chuma la kupanda kama kilima. Mkandarasi mmoja alilizoa lote likawa kifusi cha barabara. Nilifika malori yameshaondoka. Niliokota vipande kandoni mwa njia nikavirudisha mahali pake, vipande kumi na viwili, nikijua si kitu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kwa nguvu yake yenyewe vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Vya baadaye vinahitaji tangazo. Lungu ambalo baba yake bibi yangu aliliwasha halifiki umri huo. Nimewaeleza hilo wenyeviti wa vijiji wengi, na nitazidi kuwaeleza, kwa sababu lungu linalindwa na mwenye shamba kabla halijalindwa na serikali. Sehemu mbili wameniitikia. Wameacha duara la nyasi bila kulima, wakaweka mawe.

Yule mzee alifariki mwaka 2001. Sikuwepo. Lami ilipokuja kutuunganisha na Tunduma, safari yangu ya siku nzima ikawa ya saa chache, na wanafunzi wa Sumbawanga wakaanza kuniomba niwapeleke. Huwapeleka wavulana kwa wasichana. Wasichana huwaambia waingie ndani waguse ule ukuta ulioyeyuka, nami husubiri nje.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumsalimia mjane wa yule mzee. Aliingia ndani akarudi na jembe la kufuliwa, limelika mpaka limebaki upana wa vidole vinne, mpini mpya wa mninga. Alisema mumewe aliagiza nilione. Nilimwomba nikae nalo nilipime na kulipiga picha. Akakubali kwa sharti: nilirudishe kabla ya mvua za kwanza, kwa kuwa ndilo analopalilia ulezi. Nilikaa nalo siku tisa. Sikuliosha. Siku ya kumi nilifika kwake alfajiri, mawingu yameshajikusanya, nikamkuta amekaa kizingitini akinisubiri, kanga imefungwa kiunoni, mkono umenyooka.