Kulipima Wimbi kwa Kibaba

Katika nyika kavu ya Karoo, nchini Afrika Kusini, yapata kilomita 90 kutoka mji mdogo wa Carnarvon, yamesimama madishi 64, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 13.5. Hiyo ndiyo MeerKAT, darubini ya redio iliyozinduliwa rasmi Julai 2018. Kwenye kila dishi, karibu kabisa na kipokezi, kimefungwa kisanduku kilichozibwa barabara ili kisivujishe mawimbi yake chenyewe. Humo ndimo wimbi la analojia, mfululizo usiokatika, hukatwakatwa likageuzwa tarakimu.

Kazi hiyo haina marudio. Kosa la hesabu lifanywalo baadaye katika kompyuta laweza kusahihishwa kwa kupiga hesabu upya. Kilichopotea kisandukuni kimepotea. Na kinachongojewa ni mnong'ono: haidrojeni ya galaksi za mbali, ambayo ikiwa tuli hutoa wimbi la megahezi 1420. Katika ujirani huohuo wa bendi hupiga kelele simu za mkononi, vifaa vya kuongozea ndege na satelaiti za GPS.

Kanuni aliyoithibitisha Kotelnikov mwaka 1933, na Shannon mwaka 1949, hukaririwa madarasani kwa ufupi wenye hatari: chukua sampuli mara mbili ya masafa ya juu kabisa. Aishikaye hivyo atadai kuwa bendi ya MeerKAT iliyo kati ya megahezi 856 na 1712 yahitaji sampuli milioni 3,424 kila sekunde. Kisanduku huchukua milioni 1,712, nusu yake. Wala hapana hila yoyote, maana kinachodai sampuli ni upana wa bendi, si kimo chake. Upana ni megahezi 856. Mara mbili yake ni 1712.

Bendi nzima, basi, hukunjwa kama jamvi ikashuka chini, tena nyuma mbele: haidrojeni ya 1420 huonekana kwenye 292. Lakini kukunja kuna masharti. Wimbi jingine ambalo kwa asili ni la megahezi 292 lingekuja kuketi papo hapo, na hakuna hesabu ambayo ingeweza kuwatenganisha wawili hao. Hapana budi kichujio kitangulie, tena kichujio cha analojia, kifaa kilekile ambacho wengi walidhani zama za dijitali zimekistaafisha.

(Mwanafunzi wa Kiswahili atakuwa amekwisha kujikwaa kwenye neno masafa. Asili yake ni umbali, na ndiyo sababu redio za zamani ziliandikwa masafa mafupi na masafa ya kati. Leo neno hilohilo hubeba pia idadi ya mitetemo kwa sekunde, hata ikawa masafa mafupi yana masafa ya juu! Atakayetunga istilahi ya kuwatenganisha hawa atawafaa wahandisi kuliko orodha ndefu ya maneno ya mkopo.)

Lipo pia suala la kina cha kila sampuli. Mwaka 1963 Sander Weinreb na wenzake waligundua molekuli ya oksijeni na haidrojeni angani kwa chombo kilichotumia biti 1 tu: kilijua kama volteji iko juu ya sifuri au chini yake, basi. Ubahili huo wa ajabu huhifadhi takriban asilimia 64 ya wepesi wa kuhisi. Mbona basi MeerKAT itumie biti 10, yaani ngazi 1,024? Kwa sababu Weinreb aliweza kuusikiliza mnong'ono peke yake. Panapokuwa na jirani mwenye sauti kubwa, kibaba kidogo hufurika, na kelele zake humwagika bendi nzima. Kila biti huongeza nafasi ya takriban desibeli 6 kati ya mnong'ono na ukelele.

Gharama yake si haba. Sampuli milioni 1,712 za biti 10, kwa mitetemo ya wima na ya mlalo, katika madishi 64, hufanya zaidi ya biti trilioni 2 kila sekunde, zote zikisafirishwa kwa nyuzi za kioo. Kwingineko kasi hutafutwa kwa kupanga vigeuzi kadhaa kwa zamu, mithili ya wanawake wawili watwangao kinu kimoja kwa michi miwili. Mchi mmoja ukichelewa hata chembe ya nanosekunde, huzuka toni za uongo ambazo hazikutoka angani kamwe. Kwa msikilizaji wa minong'ono, afadhali kigeuzi kimoja chenye saa tulivu.

Tangu mwaka 2007 Afrika Kusini ina sheria ya kulinda maeneo ya unajimu wa kisayansi. Sheria hiyo yaweza kuzuia mnara wa simu. Satelaiti za GPS hupita juu ya Karoo usiku na mchana, na kwa ajili yake baadhi ya zile biti 10 huwekwa akiba.