Jungu Kuu Kichuguuni

Wahenga walilonga kuwa jungu kuu halikosi ukoko. Hawakutueleza, hata hivyo, ukoko wenyewe hushibisha watu wangapi, na swali hilo ndilo lililonikera Januari 2025, nilipokuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja kaskazini mwa California. Mwezi huo timu ya besiboli ya San Francisco Giants ilimwajiri Justin Verlander kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 15. Mwezi mmoja baadaye alikuwa atimize miaka 42. Wengi wa rika lake walikwisha kustaafu, ilhali yeye alitarajiwa kusimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja na kuwarushia vijana wa miaka 22 mpira wasioweza kuupiga.

Naomba radhi kwa neno hilo kichuguu. Sijaona istilahi za besiboli zilizokubalika katika Kiswahili, kwa hivyo nimejisaidia: anayerusha mpira nimemwita mrushaji, anayeshika gongo mpigaji, na kila moja ya sehemu 9 za mchezo nimeiita awamu. Kichuguu ni kijilima cha udongo kimwinuacho mrushaji inchi 10 juu ya wenzake. Mwenye istilahi bora na ajitokeze.

Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu aliyesikiliza besiboli redioni jikoni mwake tangu utotoni, alifurahia habari hiyo kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake aliyeibwa. Mimi, kwa ujuvi wa mtu aliyeujua mchezo kwa miezi mitano tu, nilimpinga. Nilikuwa na takwimu. Ubora wa mrushaji aghalabu hupimwa kwa wastani wa alama anazofungwa katika kila awamu 9; kadiri wastani ulivyo mdogo ndivyo mrushaji alivyo bora. Mwaka 2024, akiwa na Houston Astros, wastani wa Verlander ulikuwa 5.48. Bega lilimsumbua, shingo nayo ikamsumbua, akaanza michezo 17 tu. Mkono ambao enzi za ujana ulirusha mpira kwa kasi ya maili 100 kwa saa sasa ulirusha kwa takriban maili 94. Je, kulikuwa na haja ya hoja nyingine?

Mwenyeji wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nilijua yaliyotukia mwaka 2022. Sikujua. Verlander alipasuliwa kiwiko mwaka 2020, akakosa msimu mzima wa 2021, na kila mwenye ulimi akamzika. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 39, alishinda michezo 18 na kushindwa 4, wastani wake ukawa 1.75, na akatwaa kwa mara ya tatu tuzo ya Cy Young, ambayo hupewa mrushaji bora wa ligi. Aidha, akaniambia, mtu hatathminiwi peke yake bali pamoja na uwanja anaokwenda kuchezea. Mipira inayopigwa dhidi ya Verlander hupaa sana. Katika viwanja vidogo mipira ya namna hiyo huangukia kwa watazamaji, nayo ni balaa. Uwanja wa San Francisco uko ufukweni mwa ghuba. Hewa yake ni nzito na baridi, na upande wake wa kulia kati una kina kirefu. Huko mpira uliopaa aghalabu huishia mikononi mwa mdakaji. Akatabiri ushindi mara 12. Mimi nikatabiri kwamba kufikia Juni mzee huyo angekuwa kwake akipalilia maua.

Sharti nikiri kwamba ukali wangu haukutokana na besiboli pekee. Wiki hiyohiyo ndugu zangu walinipigia simu kutoka nyumbani. Baba, aliyestaafu ualimu alipofika miaka 60, alikuwa ameitwa na shule ya kibinafsi katika kaunti nyingine afundishe Kiswahili Gredi ya 9, kundi la kwanza kabisa la mtaala wa umilisi kufika daraja hilo. Mkataba wa mwaka mmoja. Mimi ni kifungua mimba, na neno langu lilisubiriwa. Nikasema asiende: goti lake bovu, shinikizo la damu lipo, na mtaala wenyewe hakuwahi kuufundisha. Baba alinishukuru kwa ushauri, akafunga sanduku lake na kwenda.

Nilirejea Kenya kabla ya Juni. Michezo ya usiku huko San Francisco huchezwa kwetu ikiwa alfajiri, basi nikawa naamka kabla ya adhana kutazama matokeo kwenye simu. Verlander hakushinda Aprili. Hakushinda Mei wala Juni. Kufikia katikati ya Julai alikuwa ameanza michezo 16, ameshindwa 8, na hajashinda hata mmoja. Nilikuwa nimeshinda mabishano. Cha ajabu ni kwamba sikufurahi.

Nilipoanza kuusoma kila mchezo badala ya jumla yake, niligundua kwamba nilikuwa nahakiki kitabu kwa kutazama jalada. Ushindi huandikwa kwa jina la mrushaji aliyeanza mchezo iwapo tu alimaliza awamu 5, aliondoka timu yake ikiongoza, na waliompokea hawakuupoteza uongozi huo. Mrushaji wa siku hizi hashiki gongo kabisa. Anaweza kufungwa alama moja tu naye akaandikiwa kushindwa kwa sababu wenziwe hawakufunga yoyote. Verlander alikuwa na siku zake mbaya, tena si chache, lakini sifuri ile haikuwa yake peke yake.

Tarehe 23 Julai, mjini Atlanta, alirusha awamu 5 bila kufungwa alama, Giants wakashinda 9 kwa 3. Mwezi uliofuata akawa mrushaji wa 10 katika historia ya ligi kuu kuwatoa wapigaji 3,500 kwa kukosa mpira. Alimaliza msimu akiwa ameshinda 4 na kushindwa 11, awamu 152 katika michezo 29, wastani 3.85, bora kuliko wastani wa ligi nzima. Giants wenyewe walishinda 81 na kushindwa 81. Kwa hiyo mwenyeji wangu alikosea kuhusu zile 12, nami nilikosea kuhusu maua, ila kosa langu naliona kubwa zaidi. Yeye alikosea hesabu ya kitu asichoweza mtu kukikisia. Mimi nilitazama mwaka mmoja wa maradhi nikauita mtu mzima.

Agosti nilimtembelea Baba shuleni kwake. Darasa lake lilikuwa limeshika mkia katika mtihani wa muhula wa kwanza, na mwalimu mkuu alikuwa amemwita ofisini kuhusu jambo hilo. Nilipomuuliza, alinionyesha daftari la mwanafunzi mmoja: Februari, sentensi 3 zisizo na vituo, Julai, insha ya kurasa 2. Wastani wa darasa bado ulikuwa duni. Alipokelewa na darasa lililokaa mwaka mzima bila mwalimu wa Kiswahili, akasema, kisha akafunga daftari bila kulalama.

Tulikula chakula cha jioni kwenye chumba chake cha kupanga. Nikamsimulia habari za Verlander, kichuguu na zile sifuri. Alicheka sana. Kisha akanyoosha lile goti chini ya meza, taratibu, akaniuliza, "Na huyo mzee mwenzangu, mwanangu, mkono wake unamuuma akishatoka uwanjani?"